Matairi ya kirikuu kwa njia za Nyanda za Juu Kusini: mistari, mchanganyiko au kashata kubwa?

Mteja akiingia duka la matairi Mwanjelwa, Mbeya, mvua za kwanza zikiwa zimeshapiga, neno lake la kwanza huwa "nipe ya matope". Muuzaji naye habishi. Anashusha lile lenye kashata, yaani vile vipande vya mpira vilivyochomoza, kubwa kuliko yote dukani. Pesa inatoka, matairi yanafungwa, mwenye kirikuu anarudi kijijini kifua mbele. Nilifanya hivyo mwenyewe. Miezi minne baadaye nilikuwa nayauza matairi yale yale kwa hasara kwa jamaa mmoja wa Ilembo, na yeye mpaka leo anayasifu. Hayakuwa matairi mabaya. Yalikuwa yake tangu mwanzo, mimi niliyapitia tu.

Tofauti yetu iko kwenye njia. Yeye anatoa viazi shambani Umalila hadi pale fuso linapopakilia, anarudi, anapakia tena. Lami anaiona siku akija mjini kununua mbolea. Mimi napakia upande wa Isyonje, nashuka Uyole, nasukuma mpaka soko la Soweto, na siku nyingine naunganisha mzigo mwingine hadi Chimala au Mbalizi. Udongo kwangu ni robo ya safari, ingawa ndiyo robo inayotoa jasho. Kwa hiyo kabla hujauliza tairi gani linauma tope, chukua daftari, andika wiki moja ya safari zako: kilomita ngapi lami, ngapi changarawe, ngapi udongo mtupu. Nimeona watu wakikataa hesabu hiyo kwa sababu wanajua itawaambia wasichotaka kusikia.

Anza na ubavu, kashata baadaye

Ninaposema kirikuu nina maana ya vile vigari vya mizigo vya Kijapani: Suzuki Carry, Daihatsu Hijet, Honda Acty, Subaru Sambar. Sheria ya kwao inavifunga kwenye injini ya cc 660, urefu wa mita 3.4, upana wa mita 1.48 na mzigo usiozidi kilo 350. Vingi vinatembea na rimu ya inchi 12 yenye nati nne, na tairi lake limeandikwa 145R12 au 145/80R12. Ni tairi jembamba. Wembamba huo tutaurudia, kwa sababu watu huuonea aibu bure.

Baada ya ukubwa, ubavuni kuna namba ambayo wateja wengi hawaisomi: 80/78, au 86/84, au 74 peke yake. Hiyo ndiyo namba ya mzigo. 74 ni kilo 375 kwa tairi moja, 80 ni kilo 450, 86 ni kilo 530. Namba ya pili baada ya mkwaju ni ya matairi yanayofungwa mawili mawili upande mmoja, haituhusu. Lenye 80/78 ndilo lililokuwa likiitwa plai 6, na lenye 86/84 ndilo plai 8. Siku hizi plai hazihesabu tena safu halisi za nyuzi, zinaeleza nguvu tu, lakini mafundi wetu bado wanazungumza kwa plai na hakuna ubaya.

Mtego uko kwenye lile la 74. Ni tairi la gari dogo la abiria, limeandikwa 145/80R12 sawasawa na lako, linaingia kwenye rimu bila shida, na bei yake ni tamu. Tofauti utaiona ukipakia.

Tufanye hesabu ya kweli, si ya karatasi. Gari tupu ni kama kilo 700. Wewe na utingo, weka 130. Magunia manane ya viazi ya kilo 100, ambayo ni zaidi ya mara mbili ya mzigo uliokusudiwa na kiwanda, ni kilo 800. Jumla 1,630. Tuseme asilimia 65 ya uzito huo imelala nyuma: ni kama kilo 1,060, yaani kilo 530 kwa kila tairi la nyuma. Tairi la plai 8 limefika ukingoni hapo hapo. La plai 6 limezidiwa kilo 80. La abiria limezidiwa kilo 155, na gari bado halijaingia kwenye shimo lolote. Na hapo nimekuwa mpole, maana gunia la lumbesa nani amewahi kulikuta na kilo 100?

Sisemi upakie hivyo. Nasema wengi wanapakia hivyo, kisha tairi likipasuka ubavu wanalaumu kashata.

Upepo nao una sehemu yake. Plai 6 hufikisha zile kilo 450 likiwa na psi 51. Plai 8 hufikisha kilo 530 kwenye psi 65. Ukilijaza 32 kama la gari ndogo ya mjini halafu ukapanga magunia, umenunua nguvu ambayo hukuiwasha. Karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva inakupa kiwango cha gari likiwa na mzigo wake halali. Mzigo ukiongezeka, upepo wa nyuma nao unaongezeka, bila kuvuka kikomo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi lenyewe.

Aina nne unazokutana nazo sokoni

*La mistari.* Hili ndilo kirikuu kilizaliwa nalo: mifereji mitatu au minne inazunguka tairi bila kukatika, kashata karibu hakuna. Ni jepesi, halipigi kelele, linakula mafuta kidogo, na kwenye lami yenye maji mifereji yake inachuja maji vizuri. Linadumu kuliko mengine yote hapa. Kwenye changarawe kavu nalo haliaibiki. Shida inaanza udongo ukilowa: mifereji inajaa, na kwa kuwa hakuna kona ya kashata ya kushika, gurudumu linazunguka palepale kama sufuria iliyopakwa mafuta. Mwenye mzigo wa nyanya Ilula au duka la jumla Makambako ambaye njia yake ni lami na changarawe asidanganywe na mtu; hili ndilo tairi lake, na abaki nalo.

*La mchanganyiko.* Ubavuni utakuta A/T, na siku hizi R/T kwa yale makali zaidi kidogo. Kashata zimekatwa vipande, lakini bado zimesogeleana katikati ili mpira mwingi uguse barabara. Kwa inchi 12 aina hizi zilikuwa adimu zamani. Sasa hata Wajapani wenyewe wanazitengeneza, kwa mfano Toyo Open Country R/T ya 145/80R12. (Toyo kiwanda cha matairi, si toyo ile ya magurudumu matatu.) Angalia namba yake ya mzigo lakini: 80/78. Yaani sura ya porini, nguvu ya plai 6. Kwa fundi umeme anayezunguka vijijini Kilolo na ngazi na boksi la spana ni tairi la raha. Kwa mpakia viazi ni pozi.

Ndiyo maana mimi nilizunguka maduka matatu nikitafuta la mchanganyiko lenye 86/84, hata kama jina lake halijulikani na kashata zake si za kupigia picha. Yapo, ila muuzaji hakuletei usipotaja namba.

*La kashata kubwa.* M/T. Vipande vikubwa, nafasi pana katikati, mabega yamechongoka. Wazo lake ni kwamba tope linaingia kwenye nafasi, gurudumu linazunguka kwa kasi, tope linarushwa, kashata inarudi safi kuuma tena. Lisome tena neno "kasi". Land Cruiser ina nguvu ya kulizungusha gurudumu mpaka lijisafishe. Kirikuu cha cc 660 chenye gunia nane, kwenye gia ya kwanza, hakina. Tope linajaa, halitoki, na sasa una tairi la mistari lililo zito na ghali.

Kwenye tope la juu juu, majani mabichi, njia ya shamba la miti yenye matawi na mashimo, hapo M/T inalipa. Kwenye lami inakudai. Mpira unaogusa barabara ni mchache, na siku ya mvua ukishuka Mlima Nyoka au Iwambi huku lori liko nyuma yako, breki inachelewa kukamata. Mimi kilichonitoa kwenye M/T ni hapo Iwambi, wala si tope. Nilikanyaga, gari likaserereka urefu ambao sikuutegemea, likasimama. Hakuna kilichoguswa. Utingo wangu hakusema neno mpaka tulipofika Mbalizi.

Kuna la pili kuhusu M/T za inchi 12. Nyingi utakazoonyeshwa zimeandikwa 5.00-12, kwa kistari, bila herufi R. Kistari kinasema nyuzi zake zimepishana mshazari, na mara nyingi linataka tyubu ndani. Baadhi zimetengenezwa kwa ajili ya yale maguta ya injini ya magurudumu matatu, yanayotembea pole pole. Ukilifunga kwenye kirikuu kinachokimbia 80 kwenye barabara kuu ya Tunduma, linapanda joto. Likipata pancha, tyubu inatoa upepo wote kwa mara moja, wakati tyublesi ingekupa nafasi ya kusogea pembeni.

*La theluji, mtumba.* Hili wengi hawalijui kwa jina lake. Kirikuu kikitoka maeneo ya baridi ya Japan huweza kufika bandarini kikiwa na matairi ya msimu wa theluji, na mengine huletwa peke yake kama mtumba. Kashata zake zimejaa nyufa nyembamba kama zimechanjwa kwa wembe, zinapendeza, na muuzaji anakuapia kwamba ni ya matope. Tafuta neno STUDLESS ubavuni, au alama ya mlima wenye kitone cha theluji ndani. Mpira wake umefanywa laini ili usikauke kwenye baridi kali. Asubuhi ya Juni kule Kitulo, umande umeganda kwenye majani, litakufurahisha. Saa saba mchana kwenye lami ya Igurusi linaliwa kama kifutio, na ukipakia, kashata zinacheza, gari linayumba kwenye kona.

Nikiri kwamba kwenye udongo mwekundu uliolowa juu tu, zile nyufa za wembe zinashika vizuri kuliko M/T. Kama gari lako limekuja nayo na bado ni machanga, yamalizie msimu mmoja wa mvua kwa mzigo mwepesi. Kuyanunua kwa makusudi, hapana. Na kuna alama nyingine: katikati ya mifereji yake kuna vibonge vinavyoonyesha kwamba tairi limefika nusu ya uhai. Vikishalingana na kashata, kwa Mjapani hilo si la theluji tena, ndiyo maana ameliuza.

Tope si moja

Hapa ndipo ulinganisho wa watu wa mbali unapotupotosha. Wao wana "matope" na "lami". Sisi kutoka Kilolo hadi Ileje tuna angalau tope za aina tatu, na tairi linaloshinda moja linashindwa nyingine.

Udongo mwekundu wa Mufindi, Njombe na sehemu kubwa ya Kilolo ni mgumu chini na laini juu. Mvua ya nusu saa inaweka utando wa utelezi kama sabuni, lakini sentimita mbili tatu chini kuna sakafu. Hapa tairi jembamba ni mfalme: uzito wote umekusanyika mahali padogo, unakata utando, unafika kwenye sakafu. Wenye matairi mapana wanaelea juu ya sabuni. La mchanganyiko lenye nyufa nyingi ndogo linatosha kabisa, na mara nyingi anayeteleza hapa ana tatizo la mguu wa mafuta, tairi halina kosa.

Rungwe na Busokelo ni udongo wa volkano. Unakunywa maji haraka, mwepesi, wakati mwingine umechanganyika na vijiwe vya povu vinavyokwaruza. Mvua huko hainyeshi kwa msimu bali kwa mazoea, ila njia hukauka upesi kuliko unavyodhani. Kinachosumbua ni makorongo ya maji yaliyochimbika katikati ya njia na miteremko mikali kwenye migomba. La mchanganyiko tena. Kashata kubwa zinachimba. Ukizungusha magurudumu kwenye udongo mwepesi hivyo unajifukia mwenyewe.

Halafu kuna mbuga nyeusi ya Usangu, kule kwenye mpunga, Ubaruku na kwingineko. Huu mfinyanzi ukilowa unavimba na kunata. Unajaa kwenye tairi, unapanda kwenye bodi, unakwama kati ya gurudumu na bati mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Nitasema bila kuzunguka: hakuna tairi la kirikuu linaloshinda mbuga iliyolowa sawasawa. M/T itakupeleka mita hamsini zaidi ya wengine, na hizo mita hamsini utazilipia trekta. Watu wa kule wanajua. Wanasubiri jua, au wanavutisha kwa ng'ombe na pawatila hadi barabarani.

Mawe ni habari nyingine kabisa. Ile barabara ya kupanda kutoka Chimala kwenda Matamba, Hamsini na Saba kama tunavyoiita kwa hesabu ya kona zake, haiulizi kashata. Inauliza ubavu. Jiwe lililochongoka linachana ubavu wakati tairi limeminywa kwenye kona, na ubavu ukichanika hakuna utambi wala kiraka cha kuuponya. Plai 8, upepo wa kutosha, na jicho kwenye gurudumu la ndani ya kona.

Kwa wanaopenda kuona kwa mara moja, hukumu yangu ni hii:

| Njia | Mistari | Mchanganyiko | Kashata kubwa | Theluji mtumba |
|---|---|---|---|---|
| Lami yenye maji | bora | nzuri | hatari mteremkoni | wastani, linaliwa |
| Changarawe | nzuri | bora | inatosha | linaisha upesi |
| Udongo mwekundu | linateleza | bora | wastani | nzuri, mzigo mwepesi |
| Volkano ya Rungwe | wastani | bora | linachimba | wastani |
| Mbuga nyeusi | usijaribu | usijaribu | mita chache | usijaribu |
| Mawe | angalia plai | angalia plai | nzuri likiwa na plai 8 | hapana |

Vipi nikiongeza ukubwa?

Swali hili halikosi kijiweni. Ukitoka 145/80R12 kwenda 155/80R12, tairi linakua kutoka milimita 537 hadi 553 kwa kimo. Gari linainuka milimita nane tu, haifiki hata upana wa kidole kidogo. Saa ya mwendo ikisema 60 wewe uko karibu 62. Halina madhara makubwa, wala faida.

Wanaoenda rimu ya 13 na kuvaa 155/80R13 wanapata sentimita mbili za kimo, na hizo zinaonekana. Lakini tairi limekua karibu asilimia 8, maana yake kila gia imekuwa ndefu kwa kiasi hicho. Injini ile ile ndogo sasa inapandisha Hamsini na Saba kama mtu aliyeongezewa mzigo kichwani bila kuulizwa. Klachi ndiyo inayolia. Na zaidi, 155/80R13 nyingi madukani ni za magari ya abiria, namba ya mzigo 79, yaani kilo 437: umelipia rimu na matairi ili upunguziwe nguvu. Ukikata usukani mpaka mwisho huku umepakia, sikiliza kama halisugui bati la ndani.

Sikupendekezei, isipokuwa gari ni la kutembelea na mzigo wako ni watu wawili na mahema.

Kuchanganya matairi

Kirikuu cha kusukumwa nyuma tu kinaweza kuvaa mistari mbele na mchanganyiko au kashata nyuma, na wengi wanafanya hivyo kubana pesa. Kinapanda. Kwenye kushuka ndipo utakapokumbuka kwamba usukani uko mbele: unakata kona, gari linaendelea moja kwa moja. Ukiamua hivyo, shuka kwa gia, usiuamini usukani.

Chenye foo wili ya kuingiza kwa kitufe au mkono hakiruhusu mchezo huo. Ikiingia, mbele na nyuma vinazunguka pamoja bila difu ya katikati, kwa hiyo kimo cha matairi yote manne lazima kilingane. Mawili mapya nyuma na mawili vipara mbele yanatosha kuzikaza gia mpaka mkono ugome kutoka. Foo wili hiyo pia iondoe ukifika lami.

Kitu kimoja kinachozidi kashata zote hizi, nacho hakiuzwi duka la matairi, ni loki ya difu, ile inayoyafunga magurudumu mawili ya nyuma yazunguke pamoja. Matoleo ya wakulima ya Carry na Hijet huja nayo. Kama bado hujanunua gari, tafuta kitufe hicho kabla hujapiga teke matairi. Sambar zile zilizotengenezwa na Subaru wenyewe hadi 2012 zina injini nyuma, kwa hiyo hata tupu zinapanda kwa kujiamini. Carry tupu ni jepesi nyuma, linapiga mswaki udongo. Utingo akihamia kwenye bodi na gunia mbili za mchanga, unakuwa umenunua tairi la bure.

Minyororo

Nilipoachana na M/T niliweka matairi manne ya mchanganyiko, plai 8, na chini ya kiti nikaweka jozi ya minyororo. Siku za mwaka ambazo ningehitaji kweli kashata kubwa nilizihesabu: hazikufika ishirini. Siku hizo nasimama kabla ya tope, nafunga nyuma, dakika kumi na tano na mikono michafu, napita, nafungua. Siku nyingine zote nina breki.

Iwe ya ukubwa wa tairi lako, ifungwe ikabane, na ukishatembea hatua chache simama uikaze tena, kwa sababu mnyororo uliolegea unakata bomba la breki. Kwenye lami usiende nayo hata kwa kuazima. Yule jamaa wa Ilembo ananicheka kwa hili. Yeye tope lake linaanza mlangoni na kuishia mlangoni, angefunga na kufungua mpaka lini? Kwake M/T ni haki.

Dukani

Soma tarehe. Mwishoni mwa mlolongo wa herufi za DOT kuna tarakimu nne: 3522 ni wiki ya 35 ya mwaka 2022. Tairi "jipya" lililokaa ghalani miaka saba limeshazeeka bila kutembea. La mtumba likunje ubavu kwa vidole gumba viwili. Nyufa zikifunguka, rudisha. Angalia ndani kwa tochi kama kuna kiraka karibu na bega. Na ndani ya mifereji kuna vinundu vinavyoonyesha milimita 1.6, kikomo cha kuliwa; kwa udongo wetu mimi sisubiri kufika hapo, likibaki na milimita 3 linahamia gari la kazi za nyumbani.

Kuhusu upepo na milima, nimesikia sana kwamba ukipanda kutoka Kyela hadi Kitulo lazima upunguze kwa sababu upepo unaongezeka. Kimo kweli kinaongeza kama psi 3 kwenye geji. Ila baridi ya kule juu inaziondoa karibu zote. Pima asubuhi tairi likiwa baridi, basi.

Limebaki la spea. Kwenye Carry yangu limening'inia chini ya bodi, nikakaa nalo miaka miwili bila kulitazama. Siku nilipolishusha, namba ilisoma 1408: wiki ya 14, mwaka 2008. Kashata zote zilikuwepo, linang'aa, lakini ubavu ulipasuka vimistari kama kiganja cha bibi. Sasa pale limekaa la tano la seti yangu, plai 8 kama wenzake, na kila baada ya miezi mitatu nalala chini na spana, nalishusha, nalijaza upepo, nalirudisha.